Mtani Hakasirikiwi

Tangu azikwe mkewe, Mzee Cleopa alikuwa amegombana na mtaa mzima, na alipowamaliza watu akahamia kwa vitu. Alimfokea muuza maziwa kwa kugonga mlango, na siku ya pili akamfokea kwa kutogonga. Alisusa kanisa kwa sababu ya spika mpya za kwaya. Redio ilipoanza kukoroma hakuipeleka kwa fundi, aliitupa kwenye shimo la taka, halafu akakasirika kwamba nyumba imekuwa kimya. Hata na Abeli, jirani yake na mwenzake wa tangu kazini reli, walikosana kwa sababu Abeli alisema, kwa nia njema tu, kwamba mvua za mwaka huu ni nzuri.

"Nzuri kwa nani?" Cleopa akamwuliza, akamfungia lango.

Alikuwa Mkaguru wa Berega, mtoto wa misheni, aliyeshuka milimani akiwa kijana kuja kufanya kazi ya reli Kilosa, akastaafu hapohapo. Suruali yake ilipigwa pasi hata siku ya kwenda shamba. Alijisomea vitabu, alijua sheria za ardhi, na alijivunia kwamba ndani ya nyumba yake hakukuwa na mambo ya kishamba. Watu walisema uzee umemkalia vibaya. Wengine walisema ndivyo alivyo siku zote. Hawa wa pili walikuwa na ukweli kidogo, maana Cleopa hakuanza hasira jana. Lakini hasira yake ya zamani ilikuwa kama sufuria ya maharage: inachemka, inafurika, inaepuliwa, watu wanakula. Hii ya sasa haikuwa na chakula ndani. Ilikuwa moto mtupu.

Kitu ambacho hakumwambia mtu ni kwamba alikuwa anaamka kabla ya majogoo, moyo unampiga kama mtu aliyekimbizwa, akalala chali akitazama kenchi za paa hadi kukuche. Ugali ulikuwa mdomoni mwake kama unga mbichi. Mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa matundu mapya. Na chumba alichokuwa akilala na Perpetua alikitia kufuli, yeye akahamia kwenye kochi la sebuleni. Ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, na usiku aliulalia.

Chanzo chake watu walikiona kwa macho yao, ingawa hawakukielewa chote. Siku ya mazishi alikuja Joha wa Rudewa. Joha ni Mnyamwezi. Babu yake aliletwa kukata mkonge enzi za manamba na hakurudi tena Tabora. Kwa Wakaguru yeye ni mtani, na mtani ana kazi yake msibani. Wengine wakilia, yeye huchekesha. Huvaa nguo za marehemu, hutembea kama marehemu, humsema kwa vituko vyake vyote, hunyakua sufuria na kukimbia nayo mpaka akombolewe. Mfiwa hana ruhusa ya kununa. Mtani hakasirikiwi, ndivyo walivyokuta na ndivyo walivyoacha wazee.

Zaidi ya utani, Joha na Perpetua walikuwa chanda na pete. Waliuza vitunguu pamoja sokoni Kilosa mpaka nywele zikawaota mvi. Basi siku ile Joha akatoka chumbani amevaa kitenge cha Perpetua na miwani yake iliyofungwa uzi. Akapita kati ya waombolezaji akivuta mguu vilevile, akifunua masufuria na kuguna vilevile, na watu wakacheka huku machozi yakiwatiririka. Alipofika mbele ya Cleopa akajishika chini ya kwapa la kushoto, akakunja uso, akasema kwa sauti ya marehemu mwenyewe:

"Panachoma kidogo tu, Joha. Usimwambie Baba Yusta, atakasirika."

Watu wakaangua kicheko. Cleopa hakucheka. Uvimbe uliomuua mkewe yeye aliuona kwa mara ya kwanza siku Perpetua alipoanguka jikoni, na hospitali waliambiwa mmechelewa. Kumbe kulikuwa na mtu aliyejua. Akainuka, akamsukuma Joha kwa mikono yote miwili. Joha akaangukia kuni, kioo kimoja cha miwani kikapasuka. Cleopa akatangaza kwamba nyumba yake ni ya watu wastaarabu, hataki ngoma za kishenzi juu ya kaburi la mke wake. Watani waliobaki wakayaweka masufuria chini, wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kuanua matanga. Nguo za marehemu hazikugawiwa, na miezi minane ikapita nyumba ikiwa bado msibani.

Yusta, mtoto wao wa pekee, anauza chakula Mikumi, kando ya barabara kuu, kwa madereva wa malori ya Zambia. Ni mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu. Mwezi mmoja nyuma alikuja kumchukua baba yake, akamdanganya kwamba wanakwenda kupima presha. Daktari alikuwa kijana. Alipima presha kweli, kisha akaweka kalamu chini akaanza kuuliza. Mzee analala? Anakula? Kuna siku anaona heri asingeamka? Hapo Cleopa alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Daktari akaendelea kwa upole, akauliza kama husikia sauti za watu wasiokuwepo.

Cleopa akasimama, akavaa kofia. Alimwambia daktari kwamba yeye ndiye aliyekaza reli zilizowapitisha baba zake, na kwamba vichaa wako sokoni, akawatafute huko.

Nje, Yusta alimweleza kwamba hakuna aliyemwita kichaa. Daktari alikuwa anapima sonona. Ni maradhi kama mengine, alisema, na kwa wanaume wengi hayatoki kwa kulia, yanatoka kwa kufoka. Baba yake akajibu kwamba sonona ni ugonjwa wa watu wa Dar es Salaam wenye nafasi ya kukaa. Njia nzima, kutoka Mikumi kupita kijiji cha Ulaya hadi Kilosa, alimfokea kondakta.

Safari hii Yusta alikuja Jumatano, na hakuja na uongo. Alikuja na gunia la mchele na hasira yake mwenyewe. Aliweka gunia sebuleni, karibu na kochi lenye shuka, akasimama mbele ya mlango wenye kufuli.

"Jumamosi tunaanua matanga," akasema. "Nimeongea na mchungaji na shangazi wa Berega. Naomba ufunguo."

Cleopa akasema hakuna atakayeshika nguo za mke wake. Akasema watu wanasubiri vitenge kama kunguru. Akasema yeye ndiye mwenye nyumba. Alisema mengi, na sauti ikapanda mpaka kuku wakatawanyika uani. Yusta alimwacha amalize.

"Baba, mimi sikulia," akasema. "Ulipomsukuma Mama Joha kila mtu alinyamaza, na mimi nikanyamaza, na mpaka leo nimenyamaza. Napika wali wa madereva, kilio kimenikaba hapa, hakishuki wala hakitoki. Nimezika mzazi mmoja. Sitakaa kumtazama wa pili akijizika mwenyewe huku anafoka. Jumamosi chumba kisipofunguliwa narudi Mikumi, na hutaniona tena. Siku ukifa watanipigia simu."

Cleopa aliinua mkono. Hakuwa amempiga tangu utoto wake, wala hakujua kama alitaka kumpiga sasa. Mkono ulipanda wenyewe, ukabaki hewani kama ishara ya reli iliyokatika waya. Yusta hakukwepa. Alifumba macho tu, kama mtu anayengoja mvua ipite.

Kufumba kule ndiko kulikomwumiza. Aliwahi kuona kufumba kama kule mahali. Alikaa kwenye kochi akijaribu kukumbuka ni wapi, na alipokumbuka kwamba ni usoni mwa Perpetua hakutaka kuendelea.

Asubuhi alichukua bodaboda kwenda Rudewa. Alijiambia anakwenda kummaliza Joha kwa maneno, kwa kuwa ndiye mwanzo wa balaa lote. Alimkaripia dereva kwa mwendo kasi, kisha ng'ombe walipoziba barabara akamkaripia kwa kusimama. Wachungaji wa ng'ombe hao walipita wakiwa wamejitanda mashuka yao, wakamwamkia kwa adabu, naye akawajibu kwa jicho.

Joha alikuwa uani anapepeta kunde. Kwa miaka yote waliyojuana hajawahi kumpa Cleopa salamu ya heshima. Humpokea kwa kelele tokea mbali: "We Mkaguru, bado hujafa?" Naye Cleopa, yule Cleopa wa suruali ya pasi, hujibu, "Nasubiri kukuuza kwanza." Lakini leo Joha aliweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka na kiti, akakifuta kwa khanga, akakiweka kivulini. Akapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

Mtani hapewi shikamoo. Lakini shikamoo nayo haiachwi ikaning'inia, hata ikitoka kwa adui.

"Marahaba," Cleopa akasema.

Joha akamletea maji ya kunywa kwenye sinia. Akamwuliza habari za nyumbani, za shamba, za afya yake, kwa sauti ileile ambayo angemwulizia mkuu wa wilaya. Cleopa akajaribu kumchokoza.

"We Mnyamwezi, adabu umeanza lini? Babu yako alikuja hapa kwenye behewa la ng'ombe."

"Ndiyo, mzee."

"Nyumba yenyewe imeinama kama mlevi."

"Ni kweli, mzee. Tukijaliwa tutairekebisha."

"Nitukane, Joha."

"Siwezi," Joha akasema, macho chini. "Wewe unakasirika. Nikikutukana wewe huo si utani, ni ugomvi."

Hapo Cleopa akasema neno alilolibeba miezi yote minane. Alisema kwa sauti ndogo, na hiyo ndogo ilitisha kuliko kufoka.

"Ulijua."

Joha akainua uso, na heshima yote ikamwondoka kama vumbi lililokung'utwa.

"Nilijua. Nilimwambia twende hospitali ya Berega, twende Morogoro, nitakusindikiza. Akasema subiri, Baba Yusta apoe kwanza. Wewe ulikuwa unagombana na watu wa pensheni. Ulipowamaliza ukaanza na mwenyekiti wa mtaa. Ulipommaliza wakaingia ng'ombe shambani, ukaanza na wenye ng'ombe. Hukupoa, Cleopa. Mke wako alipanga foleni nyuma ya ng'ombe."

"Ungeniambia wewe."

"Aliniapisha. Na kile kiapo nakila kila siku kama sumu. Unadhani ni wewe peke yako usiyelala?" Alishika ungo, akauweka tena bila kupepeta. "Na nilikuambia. Msibani pale nilikuwa nakuambia. Ndiyo njia pekee niliyokuwa nimebakiwa nayo, kukuambia mahali ambapo huruhusiwi kunipiga. Ukanipiga."

Cleopa alimtazama Joha, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mashavu yake yameingia ndani na gauni linamning'inia. Hakumwonea huruma. Alimkasirikia zaidi, kisha akamkasirikia Perpetua, aliyeogopa kufokewa kuliko alivyoogopa kufa. Na chini ya hasira hiyo kulikuwa na nyingine ambayo haikuwa ya mtu mwingine yeyote. Alipoigusa tu, akaiacha upesi.

Mwishowe akauliza faini ya kumpiga mtani ni nini.

"Jogoo," Joha akasema. "Mkubwa, mwenye kucha. Umshike mwenyewe kwa mikono miwili, tangu ninapoingia getini mpaka nitakaposema basi. Ukimweka chini narudi Rudewa. Na nitakachofanya sikuambii." Akasimama, akaokota kiti hata kabla mgeni hajaondoka vizuri. "Kwaheri, mzee."

Faini ilikuwa haijalipwa bado.

Jumamosi watu walikuja wachache, wakakaa pembeni pembeni kama walioalikwa kwenye nyumba yenye mbwa mkali. Mchungaji alisali sala fupi. Cleopa alisimama karibu na mlango, amevaa koti lake jeusi, jogoo mwekundu mikononi. Lilikuwa jogoo la shari. Lilikuwa limeshamkwaruza mkono na kuharibu koti, na kila alipolegeza vidole lilipiga mabawa.

Abeli alipita mbele yao, akalitazama jogoo, akamtazama mwenye jogoo.

"Naona umepata mwenzako," akasema.

Cleopa alifungua mdomo, lakini jogoo likarusha shingo, ikabidi alishughulikie. Alipoinua uso Abeli alikuwa ameshakaa, na mtu mmoja nyuma alikuwa anakohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

Kisha sauti ikasikika tangu barabarani.

"We Mkaguru, bado hujafa?"

"Nasubiri kukuuza kwanza," Cleopa akajibu, na sauti yake ilikwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Joha aliingia, akaja moja kwa moja mpaka mbele yake, na bila kuomba wala kusalimu akatumbukiza mkono kwenye mfuko wa shati na kutoa ufunguo. Cleopa alishtuka mwili mzima. Mikono yake ilitaka kuruka. Hapo ndipo alipoielewa faini: hakutakiwa kulipa jogoo, alitakiwa kuwa na kitu mikononi.

Kufuli likafunguka. Harufu ikatoka kwanza, mafuta ya nazi na vitunguu, na Yusta akaegemea ukuta. Baada ya kitambo akatoka Perpetua. Alikuwa Joha, kila mtu alijua ni Joha, lakini kitenge kilikuwa chenyewe na mguu uliburuta wenyewe, na miwani ilikuwa na kioo kimoja. Akafunua sufuria ya wali, akaguna. Akamwambia mchungaji mahubiri yake ni marefu kuliko treni ya mizigo. Mmoja akacheka, wa pili akafuata, ukumbi ukalegea. Kisha akamgeukia mume wake, na vicheko vikakatika.

Akajishika chini ya kwapa la kushoto.

"Panachoma kidogo tu, Baba Yusta," akasema. "Usikasirike."

Wote walitazama mikono ya Cleopa. Mikono ilikuwa imelikaba jogoo mpaka likaacha kupiga mabawa.

"Nimekasirika," Cleopa akasema.

"Najua, mume wangu."

"Nimekasirika sana. Ungeniambia. Ningefoka, ndiyo, ningefoka mpaka mabati yatikisike. Halafu ningekodi gari nikupeleke."

"Ungefoka siku ngapi?"

Cleopa alifikiri. Alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa mahakamani.

"Mbili," akasema.

"Cleopa."

"Tatu," akasema. "Nne. Sijui. Ningekuchelewesha." Uso wake ukavunjika. "Ningekuchelewesha, Perpetua."

Machozi yakamtoka, mengi, ya mtu ambaye hakulia siku ya kuzika. Hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, wala hakuweza kuficha uso. Alisimama mbele ya mchungaji, majirani na shangazi wa Berega akilia kama mtoto, na jogoo nalo likachagua wakati huo kuwika. Yusta akaanza kucheka, na kicheko chake kikageuka katikati, kikawa kile kilio kilichomkaba miezi minane. Alikilia chote, amekaa chini, amekumbatia miguu ya baba yake.

Joha aliwaacha muda mrefu. Naye miwani ilikuwa imejaa ukungu.

"Basi," akasema hatimaye. "Mtoe jogoo apikwe. Ameteseka vya kutosha kuishi na Mkaguru."

Nguo ziligawiwa mchana huohuo. Cleopa aligomba kuhusu nani apewe kitenge cha Pasaka, akagomba kwamba wali umeungua, akamwambia Abeli kwamba mvua zilikuwa mbaya na bado ni mbaya. Lakini Yusta, aliyekuwa anapakua, alitambua sauti ile. Ilikuwa ile ya zamani, ya sufuria ya maharage, na baba yake alikuwa anafoka huku anakula.

Jioni, watu walipoondoka, Yusta alimkuta amekaa kitandani chumbani, mlango wazi, miwani ya kioo kimoja mkononi. Alimwambia, kwa uangalifu, kwamba yule daktari wa Mikumi yuko Jumatatu. Kilio cha siku moja si dawa ya miezi minane, alisema.

Cleopa aliifuta miwani kwa pindo la shati.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini akiniuliza tena kama nasikia sauti, nitamwambia ukweli. Nasikia moja. Inatoka Rudewa, na haina adabu."